Breki ya nyuma na breki ya mbele: ipi ukanyage, ipi ubane, na wapi

Ukifungua gurudumu la nyuma la pikipiki inayofanya kazi kila siku ukakuta breki shuu zimelika hadi zinakaribia chuma, halafu ukachungulia mbele ukaona pedi bado nene kama zilivyotoka kwenye boksi, tabia ya dereva wake umeshaijua. Huyo husimama kwa mguu tu. Siku ya kwanza ya kujifunza aliambiwa kwamba breki ya mbele inapindua, akalishika neno hilo hadi leo. Yupo na mwenzake wa upande wa pili: amesikia kwamba nguvu zote ziko mbele, akaisahau ya nyuma mpaka kanyagio likaanza kukwama kwa kutu.

Wote wawili wanaendesha na nusu ya breki walizonunua. Hapa tunaziweka breki hizi mbili ubavu kwa ubavu: ipi inafaa kwa spidi gani, kwa mzigo gani, kwenye ardhi gani. Mwishoni kuna neno kwa anayechagua pikipiki na kujiuliza kama nyuma aridhike na dramu (bakuli la chuma ambalo breki shuu hutanuka ndani yake) au atafute diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi).

Uzito unakimbilia wapi

Chukua pikipiki ndogo ya kawaida yenye dereva mmoja, jumla kama kilo 200. Ikiwa imesimama, tairi la mbele linabeba takriban asilimia 45 ya uzito na la nyuma asilimia 55. Funga breki kwa upole, kama unavyofanya ukikaribia makutano, spidi ikishuka kwa kilomita 11 kwa saa kila sekunde: mbele inapanda hadi 60, nyuma inabaki na 40. Funga kwa nguvu hasa, spidi ishuke kwa kilomita 25 kwa saa kila sekunde: mbele inabeba 80, nyuma 20 tu. Ndiyo maana foku, ile miguu miwili yenye springi inayoshika gurudumu la mbele, inazama na kiti kinainuka. Tairi hushika barabara kadiri linavyokandamizwa chini, na la nyuma likishapunguziwa uzito namna hiyo, mguu mzito kidogo tu unatosha kulifunga likaanza kuburuta.

Hesabu ya umbali wa kusimama kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzuri na dereva akiwa peke yake, inatoka takriban hivi:

| Spidi ya kuanzia | Nyuma peke yake | Mbele peke yake | Zote mbili |
|---|---|---|---|
| 20 km kwa saa | mita 5 | mita 2.5 | mita 2 |
| 40 km kwa saa | mita 21 | mita 10 | mita 9 |
| 60 km kwa saa | mita 46 | mita 23 | mita 20 |
| 80 km kwa saa | mita 82 | mita 41 | mita 35 |

Umbali huo unaanza kuhesabika pale breki inaposhika. Kabla ya hapo kuna sekunde moja hivi ya kuona na kuamua, na kwa kilomita 60 kwa saa sekunde hiyo inakula mita 17.

Tazama mstari wa tatu kwa makini. Aliyetumia breki zote mbili amesimama kwenye mita ya 20. Aliyekanyaga ya nyuma peke yake, akiifikia mita hiyohiyo ya 20, bado anakwenda kilomita 45 kwa saa. Kama kwenye mita hiyo kuna mtoto, hakuna maelezo mengine yanayohitajika.

Tazama pia safu ya mwisho. Kuongeza nyuma juu ya mbele kunakupunguzia mita 3 ukiwa kwenye 60, na mita 6 ukiwa kwenye 80. Nguvu hazijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu kadiri ya mbele inavyofanya kazi ndivyo ya nyuma inavyopungukiwa na uzito. Lakini mita 3 ni urefu wa pikipiki nzima na zaidi.

Pale ya nyuma inapoongoza

Mwendo wa pole ndiyo himaya yake. Unageuza pikipiki kwenye njia nyembamba, unapenya kati ya magari kwenye foleni, unaingia kwenye maegesho: chini ya kilomita 15 au 20 kwa saa, usukani ukiwa umepinda, acha kabisa leva ya mbele. Usukani ukiwa umepinda, tairi la mbele halielekei tena pale uzito wa pikipiki unakokwenda. Ukilibana, foku inazama ghafla, mwendo unakufa, na pikipiki nzima inalala upande wa ndani wa kona. Pikipiki nyingi zinazoanguka mbele za watu, bila ajali yoyote, zinaanguka kwa kosa hili.

Namna ya kugeuka polepole ni hii. Gia ya kwanza, klachi nusu, akseleta imetulia ili injini ivume juu kidogo ya inavyovuma ikiwa imesimama. Usichezeshe akseleta. Mguu wa kulia uguse kanyagio kwa uzito wa vidole tu, na breki hiyo ndogo idumu muda wote wa kugeuka. Injini inavuta, breki inazuia, cheni inabaki imekaza, na ile mishtuko ya pikipiki kuruka mbele na kurudi inaisha. Ukitaka kupungua, ongeza mguu kidogo; ukitaka kusogea, upunguze. Macho yaangalie unakotaka kutokea. Nusu saa ya mazoezi kwenye uwanja mtupu inatosha kuuzoeza mguu, na hakuna zoezi linalobadilisha uendeshaji wa kila siku haraka kuliko hili.

Kwenye skuta isiyo na klachi, leva ya kushoto ndiyo breki ya nyuma, na kazi ni ileile, ila vidole vinachukua nafasi ya mguu.

Kuanza kupanda kilima ni kazi nyingine ya mguu wa kulia. Simama mguu wa kushoto ukiwa chini na wa kulia kwenye kanyagio. Ingiza gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, achia klachi hadi usikie injini inashuka sauti na nyuma ya pikipiki inataka kuondoka, ndipo uinue mguu. Anayeshikilia kilima kwa breki ya mbele analazimika kubana leva na kuzungusha akseleta kwa mkono huohuo mmoja; akikosea, anarudi nyuma au injini inazima.

Abiria anabadilisha hesabu yote. Mtu mzima akikaa nyuma, au ukifunga gunia kwenye keria, uzito wa pikipiki iliyosimama unakuwa karibu asilimia 35 mbele na 65 nyuma. Kwenye breki ya kawaida ya barabarani mzigo unagawanyika karibu nusu kwa nusu, na breki ya nyuma ambayo jana ilikuwa msaidizi leo ina kazi sawa na mwenzake. Anza na mguu, kisha mkono ufuate mara moja. Mguu ukitangulia, nyuma ya pikipiki hutulia chini kidogo, na abiria anapata nafasi ya kujizuia kabla foku haijazama. Ukianza na mkono kwa pupa, kofia yake itagonga yako. Kumbuka pia kwamba uzito wote umeongezeka, kwa hiyo breki zina joto zaidi la kumeza. Anza kufunga mapema.

Kwenye changarawe, mchanga na matope, tofauti iko kwenye kinachotokea tairi likifunga. La mbele likifunga, uelekeo umepotea na kwa kawaida uko chini kabla hujajua. La nyuma likifunga, mkia unayumba, lakini usukani bado unatii. Kwa hiyo nyuma ifanye sehemu kubwa, injini isaidie kwa gia ya chini, na mbele iguswe kwa kidole kimoja, taratibu, ukiwa umenyooka. Usiiache kabisa ya mbele hata hapo, hasa kwenye mteremko wa kokoto: breki ya nyuma peke yake huko inaburuta tu na pikipiki inaendelea kushuka.

Lami iliyolowa iko katikati. Kwa kuwa huwezi kufunga kwa nguvu kama kwenye kavu, uzito mdogo zaidi unakimbilia mbele, na sehemu ya nyuma inapanda hadi karibu asilimia 30. Tumia zote mbili kwa kubana polepole. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma barabarani ipitie ukiwa umeshaachia breki.

Katikati ya kona, ukigundua umeingia na spidi iliyozidi kidogo, mguso mwepesi wa nyuma unapunguza mwendo na kukaza mzunguko wako. Kubana mbele ghafla ukiwa umelala kunaifanya pikipiki itake kusimama wima na kwenda moja kwa moja, nje ya kona. Bora zaidi ni kumaliza kufunga kabla ya kuingia.

Ukiwa umesimama kwenye taa, mguu ubaki kwenye kanyagio. Taa ya breki inawaka kwa anayekuja nyuma yako, na mkono wa kulia unapumzika.

Pale inapogeuka kuwa hatari

Dharura ndiyo inayofichua mazoea. Mtu akivuka ghafla, mwili hauchagui. Unafanya ulichokuwa ukifanya jana na juzi. Aliyezoea mguu peke yake atakanyaga kwa uzito wake wote, nyuma itaburuta, na mita 46 zitamsubiri. Dawa ni kutumia zote mbili kila siku, hata kwenye vituo vidogo visivyohitaji.

Mfuatano ni huu: funga mafuta, mguu uguse, mkono wa kulia ubane kwa kuongeza ndani ya nusu sekunde hivi, bila kunyakua leva. Kadiri foku inavyozama ndivyo tairi la mbele linavyoshika zaidi, nawe unaweza kuzidi kubana. Wakati huohuo mguu upungue, kwa sababu nyuma inazidi kuwa nyepesi. Hapa ndipo wengi wanakosea: mkono na mguu vinaongezwa pamoja hadi mwisho, na tairi la nyuma linafunga.

Likifunga ukiwa bado umenyooka, legeza mguu mara moja tairi lianze tena kuzunguka. Likiwa limeshachomoka pembeni, usiachie ghafla. Tairi lililokuwa likiteleza likishika barabara kwa mkupuo, pikipiki inajinyoosha kwa nguvu na kumrusha dereva juu, upande wa pili. Katika hali hiyo ni salama zaidi kushikilia breki ya nyuma, kuangalia mbele na kuiacha pikipiki iserereke hadi isimame.

Kuna kosa jingine linalosahaulika: kupunguza gia mbili tatu kwa pamoja, kuachia klachi ghafla, na huku umekanyaga. Breki ya injini nayo inafanya kazi kwenye tairi hilohilo la nyuma. Ukiijumlisha na mguu, tairi linapewa kazi mara mbili na linafunga hata kwenye lami kavu. Shusha gia moja moja, achia klachi taratibu, na mguu uwe mwepesi wakati huo.

Kwenye mteremko mrefu, breki ya injini ndiyo ya kwanza. Gia uliyoitumia kupanda kilima kama hicho, au moja chini yake, inafaa kushukia. Usishuke ukiwa umekanyaga muda wote. Dramu ikipata joto inatanuka na kujitenga na breki shuu, kanyagio linashuka chini zaidi, na nguvu inapotea pale unapoihitaji. Funga kwa muda mfupi kwa zote mbili, achia zipoe, funga tena.

Nyuma: dramu au diski?

Kwa anayenunua pikipiki ya kazi za kila siku, jibu letu ni kwamba dramu ya nyuma inatosha, mradi mbele kuna diski. Nyuma haihitaji nguvu nyingi, kwa sababu tairi lenyewe halina uzito wa kuipokea. Dramu ya kipenyo cha milimita 110 au 130 inaweza kulifunga tairi bila shida. Imefunikwa, kwa hiyo tope na kokoto haviingii kirahisi. Breki shuu hudumu, na marekebisho yanataka spana moja. Udhaifu wake ni joto la miteremko, na maji: ukivuka mto maji yakaingia ndani, breki inalegea hadi uikaushe kwa kuendesha polepole ukiwa umekanyaga kidogo.

Diski ya nyuma ina hisia nzuri zaidi mguuni, inapoa haraka, na inajirekebisha yenyewe pedi zinavyolika. Anayeishi kwenye milima au anayebeba mizigo mizito kila siku ataiona faida. Gharama yake ni uangalifu: mafuta ya breki yanavuta unyevu na yabadilishwe kila baada ya miaka 2, kwa daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, hewa ikiingia kwenye bomba kanyagio linakuwa kama sponji, na mafuta ya cheni yakirukia diski, pedi zimeharibika. Diski yenyewe ina unene wa chini ulioandikwa juu yake. Ikifika hapo inabadilishwa.

Kama unachagua kati ya pikipiki yenye breki zilizounganishwa na yenye ABS, elewa zinachofanya. Ya kwanza, CBS, ukikanyaga kanyagio inavuta pia sehemu ya breki ya mbele. Kwa aliyezoea mguu peke yake hiyo ni neema kubwa. ABS inazuia tairi kufunga, lakini ile ya njia moja kwa kawaida inalinda gurudumu la mbele tu, na la nyuma bado linaweza kuburuta kama zamani.

Dramu ya nyuma ikikosa marekebisho

Malalamiko mengi kwamba breki ya nyuma haishiki yanaishia kwenye nati moja. Bonyeza kanyagio kwa mkono na upime ncha yake inashuka kiasi gani kabla breki haijaanza kushika. Kwenye pikipiki nyingi ndogo inatakiwa milimita 20 hadi 30. Ikizidi, kaza nati iliyo mwisho wa rodi ya breki nusu mzunguko kwa wakati mmoja. Uso wa nati hiyo una mbonyeo unaokaa juu ya pini ya mviringo. Hakikisha umekaa sawasawa, kwa sababu ukiuacha juu ya ukingo utajirudi ukianza kukanyaga na marekebisho yote yatapotea. Kisha weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, gia ikiwa huru, uzungushe gurudumu kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza.

Kila unapokaza cheni, rudia kipimo hiki. Gurudumu likivutwa nyuma, rodi inavutika nalo na breki inajikaza yenyewe. Dereva anaondoka, breki inashika kidogo njia nzima, mafuta yanaisha mapema na habu, yaani kitovu cha gurudumu, inakuwa ya moto kiasi cha kuchoma kidole. Wengi huilaumu injini.

Kwenye bamba la breki, yaani kifuniko cha dramu, kuna mshale na alama. Kanyaga, mshale ukifika kwenye alama, breki shuu zimekwisha, na nati haisaidii tena. Kuna mafundi ambao hapo huuchomoa mkono wa breki na kuurudisha jino moja nyuma ili kanyagio lipande. Kataa. Kamu iliyo ndani, kile kipande kinachozitanua breki shuu, inageuka kupita kiasi, na siku moja ikipinduka inabaki imezitanua breki shuu: gurudumu limefunga barabarani na haliachii. Badilisha breki shuu kabla utando wake haujafika milimita 2, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza kwa mdomo, na upake grisi kidogo sana kwenye shimo la kamu pekee. Kanyagio linalorudi polepole mara nyingi linadai grisi hiyo tu.

Usiondoke kabla ya kuangalia ule mkono mrefu wa chuma unaolishikilia bamba la breki lisizunguke. Boliti yake ikaze na pini yake iwepo. Ukichomoka, bamba zima linazunguka pamoja na gurudumu, linakata rodi na kufunga tairi. Mwisho washa swichi, kanyaga taratibu na mtu asimame nyuma: taa iwake kabla breki haijaanza kuuma. Ikichelewa, shika mwili wa swichi usizunguke na ugeuze nati yake hadi ipande kidogo.